Mteja amenishika kwa muhuri wangu mwenyewe

Shangazi, salaam.

Mimi ni wakili hapa Kampala, mwaka wa sita tangu nimalize LDC, chuo kinachoandaa mawakili. Nyumbani ni Koboko. Ofisi yetu ina mawakili watatu tu, na mwenye ofisi ni mzee aliyenichukua nikiwa sina hata joho la kuingia nalo mahakamani.

Nina mteja. Nitamwita Bosi, maana ndivyo vijana wake wanavyomwita pale Arua Park, mtaa wa biashara hapa mjini. Anapeleka unga, saruji na mafuta ya kupikia Juba. Alikuja kwetu miaka minne iliyopita na kesi ya deni, tukashinda, na tangu hapo hataki wakili mwingine kwa mambo ya biashara yake. Ananiita "binti yangu". Iwe Idi au Krismasi, lazima alete kitu ofisini, na wa kwanza kupewa ni mimi.

Mwaka juzi mama yangu alitakiwa kupasuliwa. Familia tulikuwa tumechanga nusu ya pesa. Sijui nani alimwambia Bosi. Nilipofika hospitali nikakuta ameshalipa shilingi milioni 8 kwa keshia na ameondoka, hakungoja hata shukrani. Nilimpigia simu nikilia. Akasema, "Mama yako ni mama yangu. Usinitajie tena hizo pesa." Sikuzitaja tena.

Baada ya miezi mitatu akaja Ijumaa jioni, nimeshafunga kompyuta. Mkononi ana karatasi za benki. Anakopa, na nyumba yao ya Matugga ndiyo inawekwa rehani. Sheria yetu inataka mke atoe idhini kwa nyumba anayoishi, tena awe ameelezwa na kuelewa anachokikubali. Karatasi ile tayari ilikuwa na saini ya mke. Ilibaki nafasi ya wakili mara mbili: kwanza kushuhudia kwamba amesaini mbele yangu, pili kuthibitisha kwamba nimemweleza rehani ni nini na inaweza kumfikisha wapi. Bosi akasema mama watoto yuko Arua kwenye matanga, na benki inataka karatasi Jumatatu asubuhi. Nikamtazama. Nikakumbuka ile milioni 8. Nikapiga muhuri mara mbili, nikasaini, nikamsindikiza mpaka ngazini.

Sasa biashara ya Juba imeyumba, mkopo haulipwi, na benki imetangaza mnada gazetini. Mke amekwenda Mahakama Kuu. Anasema hajawahi kusaini karatasi yoyote na hajawahi kuniona mimi kwa macho yake. Hilo la pili najua ni kweli. Wakili wa benki naye anaomba mama huyo aweke kwanza dhamana ya asilimia 30 ya bei ya nyumba ikiuzwa mnadani au ya deni lililobaki, kama kanuni za rehani zinavyosema, ndipo mnada usimamishwe, na hana pesa hiyo. Bosi nyumba ile haimuumi tena, ameshahamia kwa mke mdogo. Anachoogopa ni kesi ya kughushi, na benki kuigeukia godauni yake. Kesi hii ameipeleka kwa wakili mwingine. Mimi ananitaka niwe shahidi: niape hati ya kiapo kwamba mke alikuja ofisini, nikamweleza, akasaini nikiona.

Nilikataa. Hakupaza sauti. Alitoa simu akanisikilizisha sauti yangu mwenyewe, wiki mbili baada ya ule muhuri, nikimwambia, "Bosi, mke wako sikumuona, usije ukaniangusha." Kumbe alikuwa anarekodi. Akaniambia, "Hii ikifika Baraza la Sheria, kwa wale wa nidhamu ya mawakili, binti yangu, watauliza nani alighushi. Nitasema ni wewe uliyeniletea karatasi yenye saini. Na ile milioni 8 nitasema ndiyo niliyokulipa kwa kazi hiyo. Risiti ya hospitali ninayo." Kiapo anakitaka wiki ijayo.

Shangazi, mimi pia nina ya kwake. Kwa kazi niliyomfanyia najua ana vitabu viwili vya hesabu, kimoja cha watu wa kodi na kingine cha kweli. Rafiki yangu ananiambia nimwonyeshe na mimi kisu changu, tunyamaze wote wawili. Usiku naona ni shauri zuri. Asubuhi nasikia kichefuchefu.

Nasomesha wadogo zangu wawili. Mama hajui lolote, anamwombea Bosi dua kila siku. Leseni ikienda, sina kitu kingine ninachojua kufanya. Nisaidie.

Wakili aliyebanwa, Kampala

*

Yule mtu amelitumia neno "binti yangu" mpaka limechakaa, kwa hiyo mimi nitakuita Wakili.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili nilihesabu mistari. Mama yako yumo, wadogo zako wamo, leseni imo, Bosi amejaa tele. Mke wake umempa mistari michache, tena karibu yote ni ya mawakili na asilimia. Sikulaumu, aliyeshikwa koo huuona mkono uliomshika. Lakini ofisini kwako kila kitu bado kipo mahali pake, na nyumba iliyo gazetini ni ya yule mama wa Matugga. Yeye hajakosa chochote katika hadithi hii isipokuwa kuolewa na huyo bwana.

Wasomaji wangu wa zamani wanajua nilikuwa mkalimani wa mahakama. Miaka mingi nimesimama kati ya hakimu na shahidi nikigeuza Kilugbara, Kinubi na Kiswahili kwenda Kiingereza na kurudisha. Ndiyo maana mara ya tatu nilipoisoma barua yako, swali lililonijia halikuwa la maadili hata kidogo. Nilijiuliza: huyo mama anazungumza lugha gani?

Hukuniambia. Pengine hujui. Sasa jiweke kwenye kizimba ukiwa umeapa kile kiapo, na wakili wa mama ameinuka kukuhoji. Hataanza na saini, wewe mwenyewe unajua hawaanzi na saini. Ataanza na vitu vidogo. Alikaa kiti kipi? Alikuja na nani? Alivaa nini? Ulimweleza rehani kwa lugha gani? Ukisema Kiingereza, mama atapewa karatasi aisome mbele ya jaji. Ukisema Kiswahili, utaambiwa urudie maneno yale uliyotumia siku ile, na mimi nimewaona mawakili hodari wakitokwa jasho wakijaribu kuieleza "rehani" kwa mtu ambaye Kiswahili chake ni cha kununulia nyanya. Ukisema kulikuwa na mkalimani, utaulizwa yuko wapi.

Tena kuna ile sheria yetu ya zamani ya kuwalinda wasiojua kusoma. Inamgusa hata anayejua kusoma vizuri lugha yake, mradi haelewi lugha ambayo hati imeandikwa. Hati ya mtu kama huyo lazima aliyeiandika ajitaje jina na anwani, aseme ameandika kwa maagizo yake na kwamba alisomewa na kuelezwa akaelewa. Kama mama huyo Kiingereza hakijui na maneno hayo hayamo kwenye ile karatasi, basi karatasi inakohoa kabla hujaapa chochote. Bosi anakutaka uuze jina lako ulipie kitu ambacho huenda kisisimame hata nusu saa. Niliona niseme hili mapema kwa sababu kichwani mwako umeliweka kama biashara: niape, niokoke. Ukiapa utakuwa umetoka kwenye kosa la Ijumaa moja jioni ukaingia kwenye kiapo cha uongo mbele ya Mahakama Kuu, na hilo ni la jela. Naye atakuwa na rekodi mbili badala ya moja. Unadhani mwezi ujao hatakuwa na ombi jingine?

Twende kwenye siri, maana ndipo unapojichanganya.

Najua mmefundishwa kwamba wakili hafungui mdomo kuhusu mambo ya mteja, na kanuni zenu za maadili zinasema hivyo waziwazi. Lakini tenganisha. Kwamba mke hakuwepo ofisini siku ile si siri ya Bosi. Ni jambo lako. Ni muhuri wako, ni macho yako ambayo hayakuona mtu. Hakukunong'oneza hilo ili umpe ushauri, ulilitenda mwenyewe. Na pale anapokuja kukutaka useme uongo mahakamani, sheria ya ushahidi haiyafuniki mazungumzo ya namna hiyo kwa blanketi la wakili na mteja, kwa sababu yamefanywa ili kutimiza jambo la haramu. Kanuni zenu zenyewe zinamtaka wakili anayegundua kwamba mtu ameapa uongo mbele ya mahakama aiarifu mahakama. Mpaka halisi, yaani sentensi ipi iandikwe na ipi iachwe, utachorwa na wakili atakayekusimamia. Usiuchore mwenyewe usiku wa manane.

Vile vitabu viwili ni jambo tofauti kabisa. Hivyo ulivijua kwa sababu alikuamini ukiwa wakili wake. Amekuwa mtu mbaya, sawa, lakini hilo halivigeuzi kuwa mali yako. Huyo rafiki yako mwambie Shangazi amemsikia na amekataa. Ukimwonyesha Bosi kisu, kutakuwa na watu wawili wanaotishana, na mmoja wao ndiye aliyeapa kutunza maadili. Halafu nani atakuwa amebaki kwenye hesabu yenu? Yule mama. Ninyi mmenyamaziana vizuri, yeye anatolewa godoro nje na madalali. Kile kichefuchefu cha asubuhi kina akili kuliko rafiki yako.

Kuhusu ile sauti aliyoirekodi, isikilize tena kichwani. "Bosi, mke wako sikumuona." Inakuchoma, ndiyo. Lakini na yeye ameambiwa kinywa kwa sikio kwamba idhini ile haikushuhudiwa, akaendelea kula mkopo. Kuipeleka popote ni kujipeleka. Ndiyo maana miaka miwili ameiweka mfukoni na hajaipeleka. Hata hivyo usijenge nyumba juu ya hilo, mtu anayezama hushika chochote. Na hicho kitisho cha kwamba wewe ndiye uliyemletea karatasi yenye saini, ofisi yenu haina kitabu cha wageni pale mapokezi? Ile Ijumaa imo. Saa imo. Inaonyesha nani aliingia, na kwamba alikuwa peke yake. Kipige picha leo. Usikihamishe, usikifiche, usiongeze hata nukta.

Meseji zake usifute, hata zile za sikukuu. Usimjibu kwa hasira, na usimjibu kwa upole pia. Usikutane naye peke yako, hata akisema anataka mpatane. Akipiga simu, mwambie utamjibu kwa maandishi, kata.

Kesho asubuhi tafuta wakili wako. Awe mkubwa kwako kazini, asiwe rafiki wa Bosi, na asiwe mtu mnayekula naye chakula cha mchana kila siku kiasi cha kukuonea haya. Kama humjui wa namna hiyo, chama chenu cha wanasheria kina wakongwe wa kutosha. Nashangaa jinsi mawakili mnavyowaambia watu "usiseme lolote bila wakili" na nyinyi wenyewe mkipatwa mnaandikia shangazi wa gazetini. Haya, umefanya vizuri kuniandikia, lakini mimi sina joho.

Kisha mzee wako. Mwambie kabla ya chakula cha mchana hiyo hiyo kesho, mlango umefungwa, umesimama kama hataki ukae. Jina la ofisi limo kwenye ule muhuri, ana haki ya kusikia kutoka kwako kabla ya kusikia kutoka Arua Park. Huenda akakufukuza. Wazee waliokupokea ukiwa huna kitu wakati mwingine ndio huumia zaidi. Kazi za Bosi zote acheni kwa barua, na kama mna kesi yake nyingine mahakamani, mjitoe kwa utaratibu wa mahakama, msimwachie njiani. Huwezi kuwa wakili wa mtu na shahidi dhidi ya maneno yake kwa wakati mmoja.

Halafu kiapo. Ndiyo, utaapa, ila cha kwako. Kifupi. Tarehe fulani nililetewa karatasi hii. Saini ilikuwa tayari ipo. Mwenye saini sikumuona, sikumweleza kitu, wala sijawahi kuzungumza naye. Niliweka muhuri na sikupaswa. Wakili wako akipeleke kwa mawakili wa pande zote kabla ya siku ya kusikilizwa, kwa sababu ile asilimia 30 haimngoji mtu. Kama mahakama itaona mapema kwamba hata shahidi wa idhini anaikana idhini, wakili wa mama atakuwa na cha kushika anapoomba mnada usimame. Kikifika baada ya nyundo kugongwa, kitakuwa karatasi ya kujisafisha wewe tu.

Siku hiyo hiyo barua iende Baraza la Sheria. Jishtaki mwenyewe. Sitakudanganya kwamba watakupigia makofi. Kamati yao ya nidhamu inaweza kukuonya, inaweza kukusimamisha kwa muda, inaweza hata kufuta jina lako kwenye orodha ya mawakili. Nimekaa mahakamani muda wa kutosha kujua kwamba hakuna anayeweza kukuahidi ni lipi kati ya hayo. Ninachojua ni kwamba aliyekuja mwenyewe na daftari lake husikilizwa kwa sikio jingine kuliko aliyeletwa. Polisi kwa ajili ya vitisho, mwachie wakili wako aamue siku. Kumtishia mtu ili aape uongo ni jinai, lakini ukitangulia polisi kabla hujasema lako, itaonekana umekimbilia kumshtaki mwenzio.

Na usiende Matugga! Nakujua, wewe ni mtoto wa Koboko, utataka kuchukua kilo mbili za sukari na leso uende kupiga magoti. Mama yule ana kesi na ana wakili. Ukienda, Bosi atasema mmepanga, na kiapo chako kitakuwa kimeoza kabla ya kusomwa. Msamaha una siku yake.

Milioni 8. Hizi zinanikera kuliko rekodi, kwa sababu ndizo kamba yenyewe, rekodi ni fundo tu. Mtu mwema akikulipia hospitali anakuachia umshukuru, hata kwa kuku. Huyu aliondoka kabla hujafika ili deni libaki bila mdomo. Mwandikie, kupitia wakili wako, kwamba unatambua alilipia matibabu tarehe ile, kwamba hayakuwa malipo ya kazi yoyote, na kwamba utarudisha kiasi fulani kila mwezi mpaka ziishe. Tuma kwa benki, kwa jina lake, na maelezo yaandikwe. Pesa ya mkononi usimpe. Wadogo zako waambie ukweli wa mfuko wako, huyo mkubwa aanze kutafuta vibarua. Wengi wamesoma hivyo.

Mama yako mwambie wewe, wiki hii, kabla Bosi hajapanda basi kwenda kumsalimia. Atalia. Atakuuliza kama dua zake zimeharibika. Mwambie aendelee tu, huyo mtu anazihitaji.

Jambo la mwisho, na hili ni la mkalimani mstaafu. Siku ukiitwa kuhojiwa juu ya kiapo chako, kabla hujashika kitabu, wakili wako aulize kama kuna mkalimani wa lugha ya yule mama. Kama hayupo, aombe ahirisho fupi la saa moja atafutwe. Ukianza kusema, sema sentensi moja, nyamaza, mwache ageuze, ndipo uendelee.